Boksi lililokwama kwa neno "nguo": uchambuzi wa kisa cha karakana ya Dar es Salaam iliyouza Uingereza

Kuhusu kisa hiki

Mwaka 2024 karakana ndogo ya ushonaji ya Dar es Salaam ilituma nguo Uingereza mara tatu. Mara ya kwanza ilidanganya. Mara ya pili ilisema kweli, ila nusu. Mara ya tatu iliandika kila kitu. Mimi kazi yangu ni makaratasi ya mizigo, na niliitwa baada ya boksi la pili kuleta kizaazaa. Ya mwanzo nimeyakusanya kwenye meseji na risiti zao.

Majina nimeyaondoa, pamoja na mtaa wa karakana, mji wa mnunuzi na kampuni iliyosafirisha. Tarakimu za fedha nimezisogeza kidogo ili hesabu zisomeke bila kikokotoo. Viwango vya ushuru na kodi havijaguswa. Wahusika wawili wakuu wameisoma rasimu wakaikubali. Mmoja alisisitiza nisiiache habari ya pasi ya nguo.

Wahusika

Mwenye karakana ana mafundi wanne, cherehani tano na ovaloki moja, chumba kimoja nyuma ya duka la simu. Anashona magauni ya kitenge na mashati ya wanaume, na Januari inampa sare za shule. Leseni anayo, TIN (namba ya mlipakodi) anayo, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) hajasajiliwa.

Mnunuzi ni Mtanzania anayeishi Uingereza. Jumamosi anapanga meza sokoni, siku nyingine anauza kwa simu. Walijuana harusini, mmoja alipouliza gauni la mwenzake limeshonwa wapi.

Kuna na Binamu, ambaye aliwahi kutuma vitu Ulaya miaka ya nyuma na ana ushauri kwa kila jambo. Simlaumu sana. Kila karakana ina binamu wake.

Kifurushi cha kwanza: "andika zawadi"

Mwezi wa pili mnunuzi aliagiza magauni 8 ya kujaribia soko, £22 kila moja. Binamu akatoa somo: andika "zawadi", weka thamani £30, hakuna atakayehangaika na kifurushi cha nguo. Mwenye karakana akafanya hivyo. Aliniambia baadaye kwamba wala hakuona kama anasema uongo. Kwake ile ilikuwa lugha ya posta tu, kama watu wanavyoandika "vyombo vya nyumbani" juu ya begi lenye kila kitu isipokuwa vyombo.

Kifurushi kikashikiliwa. Msamaha wa zawadi kule ni wa kitu ambacho mtu binafsi anamtumia mtu binafsi bila malipo, na unaishia £39. Sasa magauni 8 mapya, saizi nne, mawili mawili, kila moja na lebo ya karakana shingoni, ni zawadi ya nani? Wakaomba uthibitisho wa malipo. Mnunuzi alikuwa amelipa kwa kampuni ya kutuma fedha, na kwenye nafasi ya sababu ameandika kwa mkono wake mwenyewe: magauni 8.

Thamani ikarekebishwa kuwa £176 za nguo na £64 za usafiri, jumla £240. Ushuru wa forodha wa asilimia 12 ukawa £28.80. VAT ya asilimia 20, inayopigwa juu ya nguo, usafiri na huo ushuru wenyewe, ikawa £53.76. Mnunuzi alilipa £82.56 na kuyapokea magauni yamechelewa siku 9. Kiasi hicho hicho angekilipa hata kama ukweli ungeandikwa tangu mwanzo. Uongo haukuokoa hata senti, uliongeza siku tu.

Oda ya vipande 40

Magauni yakaisha sokoni ndani ya wiki mbili. Mwezi wa tano ikaja oda yenyewe: magauni 26 kwa £22 na mashati ya wanaume 14 kwa £17, jumla £810. Safari hii Mwenye karakana alikuwa ameapa kusema kweli, na alifanya uamuzi kadhaa ambao nauona ulikuwa wa busara.

Binamu alitaka mzigo ukatwe vifurushi saba, kwa sababu mzigo wenye bidhaa zisizozidi £135 hautozwi ushuru wa forodha Uingereza. Hesabu ilimkataa. Kifurushi kimoja kidogo kingegharimu kama £60 kusafirisha, saba ni £420, wakati boksi moja liliambiwa £190. Na hata kama bei zingelingana, oda moja yenye malipo mamoja iliyokatwakatwa ili ikwepe kiwango bado ni oda moja mbele ya forodha. Wakaamua boksi moja.

La pili lilikuwa nani alipe kodi za kule. Walichagua DAP: muuzaji anafikisha mzigo hadi mlangoni, ushuru na kodi za nchi inayopokea anabeba mnunuzi. Njia nyingine, DDP, inamtwisha muuzaji kila kitu. Mnunuzi akajisajili kupata namba ya EORI inayoanza na GB, ambayo mfanyabiashara anayeingiza mzigo kule anatakiwa kuwa nayo. Haina malipo.

La tatu ndilo nitakalolirudia chini. Mwenye karakana alisikia kuna cheti cha uasili kinachopunguza ushuru. Akaenda ofisi inayovitoa, akaomba "cheti cha uasili cha nguo", akalipa, akapewa. Hakueleza anakitaka kwa kazi gani. Alichorudi nacho ni cheti cha kawaida kinachothibitisha kwamba bidhaa zimetoka Tanzania, kimegongwa muhuri vizuri kabisa. Akakitia kwenye bahasha ya kaki, bahasha akailaza chini ya boksi ili isikunjike, kisha akapanga magauni juu yake.

Magauni yalikwenda na henga zake. Alitaka yafike yakiwa na heshima. Boksi likawa la sentimita 60 kwa 50 kwa 40, na mizani ikasema kilo 15. Lakini kampuni za vifurushi vya haraka hupima ukubwa pia: urefu mara upana mara kimo, gawanya kwa 5,000. Jibu ni 24. Akalipia kilo 24, tisa kati ya hizo zikiwa hewa iliyozunguka henga.

Upande wa Dar hakukuwa na shida. Wakala wa kampuni alitaka TIN, ankara na orodha ya vilivyomo, akafungua tamko la mauzo ya nje, na boksi likaondoka Jumanne. Ankara yenyewe ilikuwa na mstari mmoja, kwa Kiingereza: nguo za Kiafrika, pamba, vipande 40, £810.

Siku kumi na moja

Alhamisi boksi lilikuwa Uingereza. Jioni ile ile wakala wa kampuni alimwandikia mnunuzi barua pepe, ikaangukia kwenye kapu la barua taka, ikaonekana Jumatatu. Ilikuwa na maswali: ni nguo gani? Za kike au za kiume? Za kitambaa cha mtande na mshindio, kama kitenge na khanga, au za kitambaa cha kuvutika kama fulana na sweta? Malighafi ni nini, kwa asilimia? Namba ya HS, ile inayotambulisha aina ya bidhaa kwenye kitabu cha ushuru? EORI?

Meseji zilizofuata ninazo.

"Dada, wanauliza ni nguo gani."

"Waambie vitenge."

"Nimewaambia. Wanauliza kitenge ni nini."

Hapo ndipo palipokwama. Kwetu "kitenge" linajitosheleza: unajua kitambaa, unajua pamba, karibu unajua na shughuli yenyewe. Kwenye kitabu cha ushuru neno hilo halipo. Kitabu kinauliza mambo mengine. Nguo za kitambaa cha kuvutika ziko sura ya 61, nyingine sura ya 62. Gauni la kike la pamba ni 6204.42, gauni lile lile likiwa la nyuzi za sintetiki kama poliesta ni 6204.43, shati la kiume la pamba ni 6205.20. Bila majibu hayo hakuna tamko, na bila tamko boksi linakaa ghalani likihesabiwa siku.

Baada ya siku nne za kurushiana barua, wakala aliweka vipande vyote 40 kwenye mstari mmoja, magauni ya kike ya pamba, akatoza ushuru kamili. Thamani ya £810 na usafiri wa £190 zinafanya £1,000. Ushuru £120, VAT juu ya £1,120 ni £224. Ada ya kampuni kwa kulipa kwa niaba ya mnunuzi £15, ghala £20. Jumla £379.

Boksi lilifika mlangoni siku ya 11. Mnunuzi alipoinua gauni la mwisho akaiona bahasha ya kaki, haijafunguliwa na mtu.

Pasi

Usiku ule mnunuzi alitaka kupiga picha. Akachukua gauni la maua ya njano, akaweka pasi kwenye alama ya pamba, akaishusha begani. Kitambaa kikajikunyata na kushika pasi. Picha aliyotuma saa tano usiku ilionyesha bati la pasi likiwa na utando unaong'aa, kama sukari iliyoungulia sufuriani. Maelezo chini ya picha: "Dada, hii pamba gani inayeyuka?"

Mwenye karakana hakulala. Kitambaa kile alikinunua Kariakoo pale aina ya kwanza ilipoisha, kwa bei nafuu kidogo, na ukingoni kilikuwa kimechapwa maneno ya kudai ni wax halisi, pamba asilimia 100. Asubuhi akampigia jirani yake ambaye nilishamsaidia na mzigo wa vikapu, na jirani akampa namba yangu.

Tulichofanya

Nilianza na kiberiti. Kutoka kila jora lililobaki tulichomoa uzi wa urefu wa kidole, tukauwasha juu ya sahani. Uzi wa pamba unashika moto, unanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ukiyagusa yanasagika. Uzi wa poliesta unaukimbia moto, unajikunja, unadondosha tone, na linalobaki ni punje nyeusi ngumu ambayo kucha haiivunji. Majora manne yalikuwa pamba. Lile la maua ya njano likatuachia punje. Magauni 9 kati ya 26 yalikuwa yametamkwa pamba nayo siyo.

Fundi mkuu, mzee wa miaka mingi kwenye cherehani, alikuwa kasimama mlangoni. "Mimi nilijua," akasema. "Sindano ilikuwa inapiga kelele tofauti." Mwenye karakana akamtazama. Hakuna aliyemuuliza kabla.

Kisha tukaomba picha za mashati. Ukitaka kujua forodha inavyotofautisha shati la kiume na la kike, tazama vifungo: upande wa kushoto wa mvaaji ukilalia wa kulia, nguo inahesabiwa ya kiume, na kulia kukilalia kushoto inahesabiwa ya kike. Hayo yameandikwa kwenye maelezo ya sura ya 62, hayakuachiwa ofisa aamue anavyoona. Mashati 3, yaliyoshonwa na kijana mmoja mwanafunzi, yalifungwa upande wa kike. Yakahama kutoka 6205.20 kwenda 6206.30, mahali pa blauzi.

Kwa fedha, mabadiliko yote hayo yalikuwa sifuri. Kiwango cha ushuru wa kawaida kwa nguo hizo zote ni asilimia 12. Lakini Uingereza inataka kila nguo inayouzwa iwe na lebo ya malighafi kwa Kiingereza, na lebo ikisema pamba juu ya poliesta, anayeulizwa ni mwenye duka. Hapa ndipo Mwenye karakana aliposhika kichwa. Alikuwa ametoa pesa nzuri kutengeneza lebo za shingoni zenye jina la karakana na bendera ndogo. Hiyo haidaiwi na mtu. Inayodaiwa, ile ya malighafi, hakuwa nayo kabisa.

Mnunuzi aliandika lebo mpya za utepe akazishona mwenyewe, moja moja, juu ya vipande vyote 40.

Likabaki la ushuru, na hapa ndipo kisa kina funzo la fedha. Tangu tarehe 19 Juni 2023 Uingereza ina mpango wa biashara na nchi zinazoendelea unaojulikana kwa herufi DCTS, na Tanzania imo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, ambalo linapata nafuu kubwa kuliko yote. Kwa nguo, sharti ni kwamba ikatwe na kushonwa Tanzania kutoka kwenye kitambaa. Kitambaa chenyewe kinaweza kuwa kimetoka India au China. Wengi niliokutana nao hawaamini sehemu hiyo. Wanasema "lakini kitenge chetu ni cha nje", na kwa sababu hiyo hawaombi kabisa. Gauni lililokatwa na kushonwa Dar linaingia kwa ushuru sifuri, la poliesta sawa na la pamba.

Lakini linaingia hivyo likiombewa. Muuzaji anaandika tamko la asili juu ya ankara, aya fupi yenye maneno maalumu, na anayetoa mzigo anadai nafuu hiyo kwenye tamko la forodha. Cheti cha kawaida hakina maneno hayo, hata kingekuwa kimebandikwa juu ya boksi.

Kwa kuwa madai ya kurudishiwa yanaruhusiwa ndani ya miaka 3, tuliandaa ankara iliyosahihishwa yenye tamko la asili, tukaeleza wazi habari ya magauni 9 na mashati 3, na mnunuzi akawasilisha. Mwenye karakana aliogopa kuyataja hayo. "Si tutawaamsha?" Nilimwambia kwamba karatasi ya madai inayopingana na nguo zilizoko dukani ni mbaya kuliko kukosa £120. Wiki 10 baadaye zilirudi £144: ushuru wote wa £120, na £24 za VAT iliyokuwa imepigwa juu ya huo ushuru.

Boksi la tatu

Mwezi wa tisa mnunuzi aliagiza tena: magauni 24, mashati 10, na safari hii magauni 8 ya watoto kwa £14. Jumla ni £810, ileile, kwa bahati tu.

Henga zilibaki Dar. Nguo zilikunjwa kwa kuviringishwa na karatasi nyembamba katikati, zikaingia boksi la 50 kwa 40 kwa 38, yaani kilo 15.2 kwa ukubwa dhidi ya 14.6 za mizani. Usafiri ukashuka hadi £130.

Ankara ilikuwa na mistari mitatu, na mfano wa mmoja ni huu, nikiutia Kiswahili: gauni la mwanamke, kitambaa cha mtande na mshindio, pamba asilimia 100, HS 6204.42, limeshonwa Tanzania, vipande 24, £22, £528. Chini yake tamko la asili. Nakala moja kwenye mfuko wa plastiki nje ya boksi, nyingine kwa barua pepe kwa wakala siku mbili kabla ya boksi kuondoka, na sentensi moja ya kumwomba adai nafuu ya DCTS. Lebo za malighafi zilishashonwa.

Hapa nikiri kosa langu. Mimi niliweka magauni ya watoto kwenye mstari mmoja na ya wakubwa, kwa kuwa namba ni ileile: 6204.42 inabeba wanawake na wasichana pamoja. Mnunuzi ndiye aliyestuka. Uingereza haitozi VAT kwenye nguo za watoto wadogo, kwa vipimo vilivyowekwa, na hilo linajulikana kwa kila mzazi wa kule. Tukayatenga, tukaandika na vipimo. Yalikuwa ya £112, na fungu lake la usafiri £18. Mstari ule mmoja uliokoa £26.

Boksi liliachiwa siku iliyofuata kutua. Ushuru sifuri, VAT £162, ada £15.

Hesabu kwa kipande

Boksi la pili, ukijumlisha usafiri wa £190 na gharama za kule £379, lilikula £569, yaani £14.20 hivi kwa kila kipande. Baada ya kurudishiwa, £10.60. Boksi la tatu lilikula £307 kwa vipande 42, kama £7.30. Kwa gauni la £22 tofauti hiyo ndiyo biashara nzima.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi tangu boksi la pili ni thamani ya kweli, boksi moja, na EORI mapema. Hayo sitayarefusha.

Kuhusu DAP nina msimamo. Kuna mawakala wanaoshauri DDP kwa sababu mteja anapenda bei moja isiyo na maswali. Kwa kuuza gauni moja moja kwa wavaaji, sawa. Kwa karakana inayomuuzia mwenye duka sikubaliani nao. Angechukua DDP, Mwenye karakana angetoa zile £379 mfukoni mwake juu ya bidhaa ya £810, na kudai nafuu na marejesho kungemtaka ajiweke kama mwingizaji kwenye nchi ambayo hana anwani. Mnunuzi alikuwa na EORI, na kwa hiyo alikuwa na mlango wa kudai.

Kilichoshindikana zaidi kilianzia kwenye dhana kwamba karatasi ni za kusindikiza mzigo. Karakana ile inarudia mshono wa bega mara mbili ukipinda milimita chache, halafu ankara iliandikwa juu ya kaunta ya wakala kwa kalamu ya kuazima, watu wakiwa kwenye foleni nyuma. Anayeamua kodi haoni mshono. Anaona ule mstari mmoja, na usipomwambia kitu anachukua kilicho salama kwake, ambacho ni kiwango kamili. Wakala wa kampuni naye ana mamia ya vifurushi na hana sababu ya kumtafutia mtu nafuu ambayo hakuiomba. Sioni kama alikosea. Alijibu alichoulizwa.

Cheti kilikuwa kosa la aina nyingine, na kwangu ndilo linaloumiza, kwa sababu nia ilikuwa sahihi. Aliomba karatasi kwa jina lake badala ya kwa kazi yake. Swali lilipaswa kuwa: nauza Uingereza, nataka ushuru sifuri, wanataka niandike nini na wapi? Jibu lingekuwa aya bila muhuri, kwenye ankara ambayo tayari anaiandika. Na jibu linabadilika kwa kila nchi. Umoja wa Ulaya unaipa Tanzania nafuu kama hiyo chini ya utaratibu wake mwingine, ambapo mzigo usiozidi €6,000 muuzaji yeyote anaweza kuutolea tamko, na ukizidi hapo anatakiwa awe amesajiliwa kwenye mfumo wa wauzaji wa nje uitwao REX. Kenya haimo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, kwa hiyo mshonaji wa Mombasa anatumia mkataba wa ubia wa kiuchumi (EPA) kati ya nchi yake na Uingereza, wenye maneno yake. Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya hadi $800 tarehe 29 Agosti 2025. Anayenakili ankara ya mwenzake bila kuuliza inakwenda wapi anajitafutia siku kumi na moja zake.

Na poliesta? Wengi wangeliita kosa la mnunuzi wa vitambaa. Mimi naliweka kwa Mwenye karakana na kwa jinsi chumba kile kinavyoongea. Fundi mkuu alisikia sindano. Alinyamaza kwa kuwa kazi yake ni kushona, na hakuwahi kuona ankara wala kuambiwa kwamba neno "pamba" linakwenda kuapiwa mahali. Sasa ankara inasomwa kwa sauti karakanani kabla ya kuchapwa, naye ndiye anayepitisha mstari wa malighafi. Kijana wa vifungo alipewa shati la mfano, limetundikwa ukutani mbele ya cherehani yake.

Kariakoo Mwenye karakana anakwenda na kiberiti mkobani. Muuzaji mmoja alimfukuza, wengine wamezoea.

Yale magauni 9 hayakurudishwa. Kuyarejesha Dar kungegharimu kuliko yanavyouzwa. Mnunuzi aliyashonea lebo ya poliesta asilimia 100, akapunguza £5 kwenye bei yake ya rejareja na kuandika sababu kwenye kikaratasi. Yalikuwa ya kwanza kwisha mezani. Meseji aliyotuma Jumapili yake ni hii: "Dada, zile za kuyeyuka zimebaki nyingine? Wateja wanasema ukifua unavaa, hazitaki pasi."